Mama Mdogo wa Wote

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumekua nayo, na sina ugomvi nayo. Lakini ukiitazama vizuri utaona inamzungumzia mtu mmoja tu, naye ni mtoaji: moyo wake na mfuko wake. Anayepokea hatajwi. Na yule anayesimama pembeni, mikono nyuma, akimtazama mwenzake akipokea, hayumo kabisa. Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho nami nikaanza kuchagua vitu vya sikukuu vya watoto kwenye simu, huyo wa pembeni ndiye anayenikosesha utulivu.

Nieleze hali ilivyo. Mimi naishi Mbagala, Dar es Salaam. Dada yangu ameolewa katika kijiji kimojawapo cha delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, kule ambako mto unagawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, na mikoko imezunguka kila upande. Shemeji yangu ana wake wawili. Dada ndiye mke mdogo, ana watoto wawili: binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Mke mkubwa ana watatu ambao bado wako nyumbani: mvulana wa miaka kumi na moja, binti wa minane na mdogo wao wa minne. Nyumba ni mbili, uwanja ni mmoja. Watoto hao watano wanafagia uwanja huo kwa zamu, wanakwenda madrasa moja, na jioni baba yao akirudi kutoka kuvua kamba wanamkimbilia wote pamoja.

Wawili kati yao wana mama mdogo aliye mjini na mwenye mshahara. Watatu hawana. Basi swali langu ni hili: ninapowanunulia sikukuu watoto wa dada yangu, nina deni lolote kwa wale watatu ambao si damu yangu?

Zamani swali hili halikuwa langu kulijibu. Nilipoanza kazi nilikuwa natuma pesa tu. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na kwa familia kama yetu, ambayo nusu iko mjini na nusu iko ng'ambo ya maji, sikukuu ilibadilika tangu hapo. Nilikuwa natuma shilingi 40,000 siku mbili kabla ya Idi, mengine anayamaliza dada. Sehemu inaingia kwenye mchele na nazi, sehemu inavunjwa kuwa noti ndogo na sarafu. Asubuhi ya sikukuu watoto wakipita kutoa shikamoo, kila aliyefika mlangoni anapata mkono wake wa Idi. Hakuna aliyeulizwa mama yake ni nani. Pesa ina sifa hiyo: inagawanyika, na anayeigawa ni mtu anayewaona watoto wote kwa macho yake.

Kisha maduka yakahamia kwenye simu. Jumia, lililokuwa duka kubwa la mtandaoni, lilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, lakini hilo halikuzuia kitu. Wauzaji wa Kariakoo walikuwa wameshajua kuuza kwa Instagram na WhatsApp: picha, bei, namba ya simu, na chini yake maneno matamu kuliko yote kwa sisi wenye ndugu mbali, "mikoani tunatuma". Unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Hivyo kazi ya kuchagua, iliyokuwa ya dada, ikahamia kwangu. Nami niko mbali na uwanja.

Duka la simuni hukuuliza maswali matatu: mtoto ana umri gani, ni wa kike au wa kiume, na una kiasi gani. Muuzaji mwerevu ataongeza la nne, anapenda nini. Sijakutana na hata mmoja anayeuliza huko anakoishi wako watoto wangapi. Wala simlaumu, kwa sababu hata picha zenyewe zinafundisha hivyo. Mtoto wa kwenye picha yuko peke yake. Amekaa juu ya zulia jeupe, nyuma yake ukuta mweupe, mkononi mwanasesere mpya, anacheka. Hana kaka, hana jirani, hana mtoto wa mke mwenza. Ukikaa na picha hizo saa nzima usiku, vidole vikipandisha na kushusha, unaanza kuamini kwamba na wewe unamnunulia mtoto wa namna hiyo.

Msomaji mwenye akili ya hesabu ataniambia: rudi kwenye pesa, yaishe. Ana hoja. Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, alichapisha makala iliyopata umaarufu kuhusu hasara ya zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi zawadi walizopewa zina thamani gani kwao, akalinganisha na bei zilizolipwa, akakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 33 ya thamani hupotea, kwa sababu tu anayechagua siye atakayetumia. Hasara ilikuwa ndogo kwa zawadi za marafiki. Ilikuwa kubwa kwa zawadi za mababu, wajomba na mashangazi, yaani watu wanaopenda sana na kujua kidogo. Nilipoisoma makala hiyo nilijiona nimo ndani yake.

Lakini pesa nayo ina hasara yake ambayo hesabu hiyo haikuipima. Binti wa dada yangu alinieleza siku moja kwa simu, bila lawama yoyote, kwamba pesa ya sikukuu iliyopita ilikuwa nzuri, walipata mafuta na chumvi na kila mtu alikula pilau. Alisema hivyo kama mtu mzima anayetoa ripoti. Pesa yangu ilikuwa imefika nyumbani kwao, sawa, ila yeye haikumfikia. Mtoto wa miaka tisa anajua tofauti kati ya kusaidiwa na kukumbukwa. Kusaidiwa kunakwenda kwa kaya. Kukumbukwa kunakuja na jina. Alitaka kitu ambacho kikifika kitasema: huko Dar kuna mtu anakufikiria wewe.

Basi tuseme umechagua kitu chenye jina la mtoto. Ukishalipa, unaambiwa mzigo uko njiani, kana kwamba njia ni moja. Kifurushi kinatoka Kariakoo mpaka stendi ya Mbagala Rangi Tatu. Kinapanda basi la barabara ya Kilwa, kinapita Mkuranga, kinashushwa Bungu. Hapo muuzaji amemaliza kazi yake. Kutoka Bungu kinapakiwa kwenye bodaboda kuelekea Nyamisati, bandari ambako wasafiri wa Mafia hupandia vyombo vyao. Na Nyamisati kinasubiri maji. Vijito vya delta havifuati saa ya ukutani. Maji yakipwa, mashua inakaa juu ya tope mpaka yajae tena, na anayeijua njia ni yule anayejua leo ni bamvua au ni maji mafu. Kifurushi kinalala chini ya turubai pamoja na sukari, betri na ndoo za plastiki. Nahodha anakifahamu ni cha nani. Aliyekaa karibu na nahodha naye anafahamu. Kabla mashua haijafunga kamba, kijiji kimeshajua kwamba dada yangu ana mzigo kutoka Dar.

Kwa hiyo ile ndoto ya mtandao, kwamba kitu kinatoka mkononi mwangu kinaingia mkononi mwa mtoto na hakuna mwingine katikati, inaishia Bungu. Kuanzia hapo zawadi inasafiri kama vitu vyote vilivyosafiri huku tangu enzi za majahazi: machoni pa watu.

Mwaka 1755 Jean-Jacques Rousseau aliandika kitabu juu ya chanzo cha watu kutokuwa sawa. Anatuchorea watu wa kale wakikusanyika mbele ya vibanda vyao au chini ya mti mkubwa, wakiimba na kucheza. Hapo kila mmoja akaanza kuwatazama wenzake na kutamani kutazamwa yeye, na kwa Rousseau hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuwa juu na chini, ya majivuno upande huu na aibu na husuda upande ule. Sijui kama binadamu wa kwanza waliishi hivyo. Ila uwanja wa dada yangu asubuhi ya Idi naujua, na maelezo hayo yanaufaa kuliko picha zote za Kariakoo.

Dada aliwahi kunisimulia habari ya jirani yao, baba anayefanya kazi Kibiti mjini, aliyemletea mwanawe gari la rimoti. Watoto wa pale wana mchezo wao wa siku zote: wanachonga vijitumbwi vya makarara ya mnazi, wanavitia matanga ya mifuko ya plastiki, wanavishindanisha kijitoni maji yanapojaa. Siku ya gari, vijitumbwi viliachwa mchangani. Kundi zima likawa nyuma ya mtoto mmoja. Yeye ndiye aliyeamua nani ashike rimoti, nani aguse tairi, nani akae mbali. Siku ya tatu betri ziliisha, na siku ya nne watoto walirudi kijitoni. Ila dada alisema mpangilio wao haukuwa ule wa zamani. Mtoto yule, ambaye kwenye vijitumbwi alikuwa wa kawaida tu, alikuwa ameonja ladha ya kuombwa. Na wengine walikuwa wameonja ladha ya kuomba.

Jambo hili wazee wetu walilijua. Katika mawaidha hutajwa sana ile Hadithi ya matunda: ukinunua matunda, mpe jirani, kama huwezi, yaingize nyumbani kwa siri, wala mwanao asitoke nayo nje akamuudhi mtoto wa jirani. Wataalamu wa Hadithi wanasema sanadi yake ni dhaifu, lakini adabu yake imeota mizizi pwani yote. Bibi yetu alikuwa akimenya chungwa barazani, kipande cha kwanza anampa mtoto asiyekuwa wake. Ukitazama, adabu hiyo inakupa njia mbili, kugawa au kuficha. Njia ya pili sisi hatuna tena. Kifurushi kimepita Nyamisati. Na hata kingepita usiku, mtoaji mwenyewe atapiga simu aombe picha ya mtoto na zawadi yake, aiweke kwenye status ya WhatsApp, na nusu ya kijiji inayo namba yake.

Inabaki kugawa. Hapa ndipo mgogoro unapoanza.

Kuna Hadithi nyingine, hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Nu'man bin Bashir alipewa zawadi na baba yake. Mama yake akakataa kuridhika mpaka Mtume awe shahidi. Baba alipokwenda, Mtume akamuuliza kama amewapa wanawe wote mfano wake. Akasema hapana. Akaambiwa amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, na baba akairudisha ile zawadi. Kwa kisa hicho, watoto watano wa shemeji yangu wana haki sawa, kwa kuwa baba yao ni mmoja. Lakini anayedaiwa ni baba. Mimi si baba yao. Mimi ni mdogo wa mke mdogo. Kisheria, kidini na kimila, wale watatu hawanidai hata peremende.

Rafiki yangu mmoja wa kazini alinipa hoja hiyo na akaongeza nyingine mbili. Ya kwanza: pesa ni yako, umeitolea jasho, na ukianza kuwahesabu watoto wa uwanja utawahesabu wa kijiji, kisha wa wilaya. Ya pili: dunia haiko sawa, acha watoto wajifunze mapema.

Hoja ya pili ndiyo nyepesi. Watoto wa delta hawahitaji mama mdogo wa kuwafundisha kwamba dunia haiko sawa. Mwezi Aprili 2024 mvua kubwa ziliujaza Mto Rufiji, na Idi el-Fitri ikazikuta kaya nyingi za Rufiji na Kibiti zimeacha nyumba na mashamba. Mpunga wa shemeji ulikwenda na maji. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika. Somo hilo wamesomeshwa kwa maji na upepo. Kinachobaki kujulikana ni kama watu wanaowapenda nao watawasomesha lile lile.

Mwaka huo, kwa kweli, hakuna aliyejiuliza maswali haya yangu. Dada alisema kwa simu: mwaka huu usilete vya kuchezea, leta madaftari na sabuni. Nikauliza ya watoto wangapi. Akajibu kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi: ya wote. Kwenye dhiki kugawa sawa ni rahisi, kwa sababu kila mtu anaona kwamba wote wamelowa. Mtihani uko kwenye mwaka mzuri, mpunga umekubali, kamba wana bei, na mimi nina ziada kidogo. Hapo ndipo mistari ya nani ni wa nani inaporudi uwanjani.

Hoja ya kwanza, ya kwamba nitahesabu mpaka wilaya nzima, ni nzito zaidi. Jibu langu ni kwamba deni la zawadi halitokani na damu peke yake, wala halitokani na umaskini wa wanaotazama. Linatokana na zawadi yenyewe, na pale itakapofunguliwa. Mtoto wa kijiji cha mbali, kitu changu hakimgusi. Lakini binti wa mke mkubwa, mwenye miaka minane, analala chumba kimoja na binti wa dada yangu siku baba anapokuwa baharini. Kifurushi kikifunguliwa, kitafunguliwa mbele yake. Nikituma kitu ambacho siku moja kitamgeuza ndugu kuwa mtazamaji, nimeingiza mkono wangu katika undugu wa watu nikauvuta upande mmoja. Kwamba sikumkusudia yeye hakuniondolei lawama. Nilijua yupo.

Dada alinieleza hesabu hiyo kwa lugha yake: "Mdogo wangu, ukiwaletea hawa wawili tu, sikukuu ni siku mbili, maneno ni mwezi mzima." Na maneno hayo, nielewe vizuri, hayatoki kwa mke mkubwa peke yake. Yanatoka kwa majirani, kwa mama wakwe, kwa yeyote apendaye kuona nyumba ya wake wawili ikigombana. Zawadi yangu ingekuwa kuni.

Basi nikakata shauri: watoto watano, vitu vitano, bei moja. Nilifurahi kama mtu aliyelipa deni. Nikampigia binti wa dada kumwambia safari hii kila mtu atapata. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, nadhani wenzake walikuwa karibu:

"Kwani wewe ni mama mdogo wa wote?"

Swali hilo limenishinda kuliko ya Rousseau. Ni rahisi kulisikia kama uchoyo, na mama yake angelisikia angemkemea. Mimi sikuliona hivyo. Mtoto huyu katika maisha yake hana kitu kisichogawanywa. Sahani inagawanywa, mkeka unagawanywa, taa ya sola inagawanywa, baba mwenyewe anagawanywa kwa zamu. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wengine hawakuwa nacho, nacho ni mimi. Na mimi, kwa jina la uadilifu, nilikuwa namwambia kwamba na hicho nimekigawa mafungu matano.

Wanafalsafa wanaligombania jambo hili tangu zamani. Wako wanaosema maadili ni kutopendelea: furaha ya mtoto huyu isizidi uzito kuliko ya yule kwa sababu tu mmoja ananiita mama mdogo. Na wako wanaojibu kwamba pasipo upendeleo hakuna udugu wala urafiki, kwani kumpenda mtu ni kumweka mahali ambapo si kila mtu anakaa. Nikiwasikiliza wa kwanza, naona uso wa binti wa miaka minane akitazama kifurushi kisicho na jina lake. Nikiwasikiliza wa pili, nasikia sauti ya chini kwenye simu. Wote wawili ni watoto, na wote wanasema kweli.

Nilipofika baada ya kulifikiria ni hapa. Zawadi ina sehemu mbili. Kuna inayoonekana: ukubwa, rangi, bei, kelele zake uwanjani. Kuna inayojulikana: kwamba aliyechagua anajua mimi ni nani. Sehemu inayoonekana ni mali ya uwanja mzima, hata kama imeandikwa jina moja, kwa sababu macho hayazuiwi. Hiyo ndiyo inayodai usawa. Sehemu inayojulikana iko kati ya watu wawili tu, na hapo mtoto ana haki ya kupendelewa. Anayepunguza upendo kwa jina la usawa amechanganya sehemu hizo. Na anayemtukuza mtoto wake kwa kitu kikubwa kinachong'aa amezichanganya vilevile, maana amelipia kionekane kile ambacho alipaswa kukijua.

Maana yake, kwa mtu aliyeshika simu usiku wa Ramadhani, ni kwamba anachotakiwa kutoa zaidi kabla ya kulipa ni muda wa maongezi. Nilikuwa nawajua watoto wawili. Wale watatu nilikuwa najua umri wao na jinsia yao, yaani vile vile duka linavyojua. Kuwanunulia kwa hesabu hiyo kungewafanya wawe kiambatanisho cha zawadi ya wengine, na mtoto anakijua kitu alichopewa ili anyamaze. Basi nilimpigia mama yao. Tangu dada aolewe tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu za msibani na harusini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Wa salama huko?"

Nikamweleza. Nilitegemea heshima na maneno machache. Akakaa kimya, kisha akaanza kunieleza wanawe mmoja mmoja, na ilikuwa dhahiri hajaulizwa na mtu siku nyingi. Mkubwa hapendi mpira, jambo linalomsumbua baba yake. Anapenda kufungua vitu, ameshafungua redio mara mbili na mara moja ameweza kuirudisha. Binti anaogopa giza, na hataki wenzake wajue. Mdogo wao anapenda chochote chenye magurudumu. Tuliongea mpaka salio likakata, akanipigia yeye.

Nikanunua, kwa bei zinazokaribiana: bisibisi ndogo za fundi redio katika kikasha chake, tochi ya kuchaji kwa jua, gari la kusukuma lisilo na betri, mpira kwa mvulana wa dada, ambao hauchezwi na mtu mmoja, na kwa binti wa dada mwanasesere wa kitambaa wa bei ile ile. Uwanjani hakukuwa na kitu cha kumfanya yeyote afuatwe na kundi. Tochi ilimwendea anayeogopa giza bila mtu kujua kwa nini ni tochi. Mama yake na mimi tunajua, na yeye anajua kwamba kuna mtu amejua.

Na ndani ya kifurushi cha binti wa dada yangu niliweka bahasha. Jirani yangu hapa Mbagala ni fundi cherehani, na vipande vya vitenge na satini vinavyobaki chini ya meza yake huvitupa. Nilijua, kwa sababu aliniambia yeye mwenyewe zamani, kwamba huwashonea nguo wanasesere wake wa magunzi kwa matambara. Nikajaza bahasha, nikaweka sindano na karatasi ndogo yenye mistari miwili. Thamani yake sokoni ni sifuri. Hakuna duka ambalo lingenipendekezea.

Baada ya Idi nilimuuliza dada vipande vilipokelewaje. Akacheka. Akasema binti alikaa navyo siku nzima ya kwanza, akavipanga mkekani kwa rangi, akavirudisha kwenye bahasha. Siku ya pili akamwita mwenzake wa miaka minane, akampa karibu nusu.

"Karibu nusu?" nikauliza.

"Zile mbaya mbaya," dada akasema. "Za satini kaficha."

Sikumwambia amkanye. Nimemaliza miezi nikipima nani apewe nini mbele ya nani, na yeye kwa siku mbili amefika pale pale: cha kuonekana amekigawa, na kidogo amebaki nacho chake. Ugawaji wake si wa haki bado. Ana miaka tisa, na bahasha haijaisha.